Yusuf, Amina, Baraka: Jina la Mtoto wa Kiislamu Jijini Nairobi

Jina la mtoto wa Kiislamu anayezaliwa Loresho huitwa na watu wengi kabla mwenyewe hajajua kuliandika. Nyanya mzaa baba, aliyeko Lamu au Garissa, huliita kwa lafudhi ya kwao. Nyanya mzaa mama, pengine wa Nyeri na mshirika wa kanisa tangu ujana wake, huliita kwa lafudhi nyingine. Kisha kuna mlinzi wa langoni, dada anayemlea, mama mboga wa Kangemi, daktari wa watoto kule Parklands, mwalimu wa chekechea, na watoto wa wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa walioletwa Nairobi na kazi za wazazi wao Gigiri. Loresho ni mtaa wa magharibi mwa jiji, kando ya Barabara ya Waiyaki, na hauna kabila lake wala dini yake. Waislamu wanaoishi huko ni Waswahili wa pwani, Wasomali, Waborana, Wahindi wenye asili ya Gujarati, Wanubi waliohama Kibera, na familia nyingi za mchanganyiko ambamo mmoja wa wazazi alisilimu akiwa mtu mzima.

Katika mazingira hayo wazazi wengi hutafuta jina lisilojulikana limetoka wapi, fupi, laini, lenye sura ya Kizungu, wakiamini kwamba jina lisilo na kwao ndilo litakalopokelewa kila mahali. Imani hiyo haina msingi mzuri. Jina linalovuka mipaka ya watu ni lile ambalo kila mwenye kuliita anaweza kulitamka, ambalo kila upande wa ukoo unajiona ndani yake, na ambalo mtoto hatakuwa na sababu ya kulificha atakapokua. Majina ya namna hiyo yamejaa Afrika Mashariki, na mengi yamekuwa yakivuka mipaka kwa karne kadhaa.

Dini yenyewe haibani sana katika jambo hili. Inataka jina liwe na maana njema, lisimfanye mtoto mja wa yeyote asiyekuwa Mwenyezi Mungu, wala lisimvike sifa ambazo ni za Mungu peke yake. Ndiyo sababu mtoto haitwi Rahman akaachwa hivyo. Huitwa Abdulrahman, mja wa Mwingi wa Rehema. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, majina yanayopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdulrahman. Baada ya hapo mlango uko wazi, wala hakuna sharti kwamba jina lazima liwe la Kiarabu. Mtume Muhammad (SAW) aliyabadilisha majina ya watu kadhaa, na kilichomfanya ayabadilishe ni ubaya wa maana, hata pale jina lilipokuwa Kiarabu safi. Binti aliyeitwa kwa neno lenye maana ya mwasi alimpa jina la Jamila. Mtu aliyeitwa Hazn, yaani ugumu, alimshauri ajiite Sahl, yaani wepesi. Huyo alikataa kuliacha jina alilopewa na baba yake, na hakulazimishwa.

Kwa hiyo anayesilimu leo jijini halazimiki kuacha jina la Wanjiru au Otieno, maadamu maana yake haina kasoro, na mtoto wake vilevile hapungukiwi na Uislamu akiitwa jina la kwao. Jakaya Mrisho Kikwete, Rais wa nne wa Tanzania, ni Mwislamu, na kati ya majina yake matatu hakuna hata moja ambalo mtu wa Makka angelitambua kuwa la kwao.

Jambo la kwanza linalowatatiza wazazi wa Nairobi ni wakati. Mazoea ya Waislamu ni siku ya saba: mtoto hunyolewa nywele, sadaka hutolewa kwa kadiri ya uzito wa nywele hizo katika fedha, na akika huchinjwa, mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana kwa kauli iliyo mashuhuri. Mbuzi hao familia nyingi za jijini huwafuata Kiamaiko, soko na machinjio yanayojulikana na kila Mwislamu wa Nairobi. Hospitali haingoji siku ya saba. Mama aliyejifungua salama huruhusiwa baada ya siku moja au mbili, na kabla hajatoka huletewa fomu ya kuarifu uzazi. Muuguzi anasimama kando ya kitanda na kalamu, zamu yake inakaribia kwisha, baba yuko ukumbini anapiga simu nyumbani kuuliza kama wazee wamekubaliana, na mama aliyechoka anataja jina ambalo muuguzi analiandika kama alivyolisikia. Khadija anakuwa Hadija au Kadija. Abdulaziz anakatwa vipande viwili. Karatasi ndogo inayochanwa chini ya fomu hiyo ndiyo baadaye inayopelekwa kwa msajili ili cheti cha kuzaliwa kitolewe, na kosa lililoandikwa hapo husafiri nayo.

Haraka hiyo haina ulazima upande wowote. Kwa upande wa dini, mwanawe Mtume aliyezaliwa na Mariya Mmisri alipewa jina la Ibrahim usiku uleule aliozaliwa, na hilo limepokewa katika hadithi sahihi. Wazazi walio tayari wanaweza kutaja jina siku ya kwanza na akika ikafuata siku ya saba bila kasoro yoyote. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149 ya sheria za Kenya, inatoa miezi sita ya kuandikisha uzazi kabla haujahesabiwa kuwa umechelewa. Inaruhusu pia mtoto aliyeandikishwa bila jina, au ambaye jina lake limebadilishwa, aandikiwe jina lake katika muda wa miaka miwili tangu kuandikishwa. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa. Mama anaweza kutoka hospitalini na fomu ambayo nafasi ya jina iko tupu. Njia iliyo rahisi zaidi, hata hivyo, ni wazazi kuingia wodini na karatasi iliyoandikwa jina kwa herufi kubwa, la mvulana na la msichana, ili muuguzi anakili anachokiona.

Baada ya wakati inakuja mpangilio. Mkenya huandikwa majina matatu, na hapo ndipo mila tofauti hugongana bila watu kutambua. Kwa Mwislamu wa pwani au wa kaskazini, majina matatu ni mnyororo wa nasaba: jina la mtoto, la baba, la babu. Kwa Mkristo wa bara mara nyingi la kwanza ni la ubatizo, la pili ni lake mwenyewe la kikabila, na la tatu ni la baba. Uislamu unasisitiza kwamba mtu anasibishwe na baba yake mzazi, jambo lililoelezwa katika sura ya 33 ya Kurani, na kwa sababu hiyo hata mke wa Kiislamu hana haja ya kuchukua jina la mumewe.

Mfano wa familia ya Loresho yenye baba anayeitwa Hassan na mama Mkikuyu unaonyesha mgongano huo ulivyo. Kwa desturi ya Wakikuyu, mvulana wa kwanza hurithi jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama. Kwa wasichana ni hivyohivyo upande wa nyanya. Mama angependa mwanawe wa pili alibebe jina la babake, Kamau. Mtoto akiandikwa Yusuf Kamau Hassan, watu wa Nyeri husoma vizuri: Yusuf ndiye Kamau, mwana wa Hassan. Watu wa Garissa husoma vingine: Yusuf mwana wa Kamau, mjukuu wa Hassan, na baba amepotea katika mnyororo. Dawa yake ni ya zamani na ni ya Kiswahili: neno bin kwa mvulana au binti kwa msichana. Yusuf Kamau bin Hassan halina utata kwa yeyote, babu wa Nyeri amepata wajina wake, na nasaba imekaa mahali pake. Ni ajabu kwamba neno dogo lenye manufaa makubwa hivyo limeachwa na vijana wengi wa mjini kwa kuonekana la kizamani. Wapo waliounganisha pande mbili bila hata neno hilo, kama mtetezi wa haki za binadamu Al-Amin Kimathi, au mwanasiasa wa Kwale Chirau Ali Mwakwere, ambaye katika majina yake Ali amekaa katikati ya Udigo.

Wahindi Waislamu walilitatua kwa njia yao. Tajiri Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohra aliyetoka Karachi na kuacha bustani yenye jina lake katikati ya Nairobi, alikuwa na Uislamu na Ugujarati katika jina moja: Ali, na bhai, yaani ndugu.

Kwa familia ambazo upande mmoja ni Wakristo, hazina iliyo karibu zaidi ni majina ya mitume. Biblia ya Kiswahili inayosomwa makanisani, ile ya Union Version iliyotolewa mwaka 1952, ina Ibrahimu, Yusufu, Musa, Daudi, Sulemani, Ayubu, Nuhu, Zakaria, Hawa na Mariamu. Nyanya wa kanisani akiambiwa mjukuu wake ni Ayub, hahitaji kufafanuliwa. Amemsikia Ayubu na subira yake kila mwaka wa maisha yake. Hii ni faida ambayo wazungumzaji wa Kiswahili wanayo na wengine wengi hawana, kwa maana Mwingereza huona Yusuf na Joseph kama watu wawili. Desturi hiyo ina kibali cha zamani pia. Wakristo wa Najran walipomhoji sahaba Mughira bin Shu'ba kuhusu Maryam kuitwa dada wa Harun katika Kurani, Mtume alieleza kwamba watu wa kale walikuwa wakiwaita watoto wao majina ya mitume na watu wema waliowatangulia.

Si yote yanayolingana, na ni vizuri wazazi wajue mapema. Yahya katika Biblia ya Kiswahili ni Yohana, Yunus ni Yona, Isa ni Yesu. Mtoto akiitwa Isa, jamaa wa upande wa kanisa hawataona kwamba wamekutana katikati, ingawa kwa Waislamu ni jina la mtume mtukufu.

Hazina ya pili ni majina ya Kiswahili yenyewe, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa zaidi na wazazi wa mitaa ya kati na ya juu ya Nairobi. Waswahili walizoea kumwita mtoto kwa siku aliyozaliwa: Juma, Hamisi, Mwanajuma. Walimwita kwa mwezi au msimu wa ibada: Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Maulidi, Haji, Idi, Mwanaidi. Walichukua majina ya wake na mabinti wa Mtume wakayavika heshima ya pwani kwa neno mwana, ambalo kwa wanawake wa Lamu na Pate lilikuwa na maana ya bibi mwenye daraja: Mwanaisha ni Aisha aliyeingia nyumba ya Kiswahili. Mwana Kupona binti Msham, mshairi wa Pate wa karne ya 19, alikuwa na jina la kienyeji kabisa, na watu hawakuutilia shaka Uislamu wake. Kisha yako majina ya maana: Amani, Imani, Baraka, Rehema, Neema, Subira, Faraja, Salama, Nuru, Zawadi, Riziki, Heri. Karibu yote asili yake ni Kiarabu, yote ni Kiswahili cha kila siku, na leo yanaitwa na Wakristo na Waislamu bila ugomvi. Mwalimu wa Westlands akiita Imani au Baraka darasani, hawezi kubahatisha ni mtoto wa msikiti au wa kanisa. Wapo wazazi wanaoliona jambo hilo kuwa upungufu, wakitaka dini ya mtoto isomeke katika jina peke yake. Wanaweza kutulia. Jina la baba na la babu yanafuata nyuma yake, na yatasema.

Baadhi ya majina hayo yamekwenda mbali. Imani lilienea kwa Wamarekani weusi, likisaidiwa na sikukuu ya Kwanzaa iliyoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, ambayo nguzo yake ya saba ni imani. Lakini hakuna jina la Kiswahili lililosafiri kama Baraka. Hussein Onyango Obama, Mjaluo wa Kogelo aliyewahi kuwa mpishi wa Wazungu hapa Nairobi, alisilimu na kuchukua jina la Hussein bila kuliacha Onyango, jina ambalo Wajaluo humpa mvulana aliyezaliwa jua likiwa limepanda asubuhi. Mwanawe alimwita Barack. Barack huyo alikwenda kusoma Hawaii mwaka 1959, na mwanawe aliyezaliwa Honolulu mwaka 1961 akapewa majina matatu kwa mpango wa kwetu: lake na la baba, Barack, la babu, Hussein, na la ukoo, Obama. Utotoni aliitwa Barry ili asiwasumbue watu. Alipofika chuoni alilirudia Barack kwa hiari yake. Katika kampeni za urais wa Marekani za mwaka 2008 wapinzani walilikariri neno Hussein kana kwamba ni kosa la jinai, na Januari 2009 alikula kiapo kwa majina yote matatu, Hussein likiwemo. Mzee Onyango, aliyeyaunganisha majina ya pande mbili, hakuwa na orodha ya majina mepesi kwa Wazungu.

Baada ya maana ni sauti, na hapa wazazi hawana budi kulijaribu jina kwa vinywa vya watu walio hai. Kila lugha inakosa sauti fulani. Kikuyu hakina l, kwa hiyo Leila na Khalil hupata taabu kwa wazee wa huko. Dholuo haina sh wala z, na Aisha huwa Aisa. Kisomali hakina z, ndiyo sababu Zahra huandikwa Sahra na Zainab huwa Seynab, wala hakina p. Kiarabu pia hakina p, na msichana aitwaye Pendo akienda kuishi Maskati atazoea kuitwa Bendo. Kiingereza hakina kh wala gh, na Ghalib au Khairiya hukatwakatwa shuleni mpaka mwenyewe achoke kusahihisha. Majina yanayosalimika kila mahali ni yale yenye m, n, s, h na irabu zilizo wazi. Amina ni mfano bora: hakuna lugha ya Kenya isiyoweza kulitamka, Mwarabu hulitambua, Mhindi hulitambua, Mzungu hulisoma kama lilivyoandikwa, na ni jina la mama yake Mtume. Musa, Nuhu, Hana, Adam, Yunus, Imani na Amani yako katika kundi hilo. Hii haina maana kwamba Khadija aachwe kwa sababu Mwingereza hana kh. Jina lenye sauti ngumu linahitaji tu wazazi walio tayari kulifundisha, na mtoto atakayejua kwa nini linastahili kufundishwa.

Maana nayo ikaguliwe katika lugha zaidi ya moja, hasa kwa mtoto ambaye wazazi wake wanatarajia kuhama. Wafilipino humwita binti Malaya, kwao maana yake ni aliye huru. Familia iliyofika Nairobi na jina hilo italijutia siku ya kwanza. Tatizo la ndani zaidi liko katika tahajia. Asiya, mke wa Firauni aliyemlea Musa, ni mmoja wa wanawake wanaoheshimiwa sana katika Uislamu. Lile jina la mwasi ambalo Mtume alilibadilisha huandikwa kwa herufi nyingine za Kiarabu, lakini kwa herufi za Kiswahili yote mawili ni Asiya, na makarani wengi huandika Asia, kama bara. Mzazi anayempa binti yake jina hilo amwandikie mahali pa kudumu kwa Kiarabu kwamba ni lile la mke wa Firauni. Majina ya shida kama Taabu, Mashaka na Shida, yaliyotolewa zamani kukumbuka hali ya uzazi au kumkinga mtoto na husuda, ni sehemu ya historia ya pwani, lakini masheikh wengi huyapinga kwa hoja ya maana njema, na hoja yao ina nguvu.

Jina pia halibaki zima. Nairobi na pwani hulifupisha kabla ya mwaka kwisha. Mohamed huwa Moha au Mudi, Ramadhani huwa Rama, Abdalla huwa Dula, Khadija huwa Dija, Fatuma huwa Tuma au Tima. Mwanahabari Mohammed Ali alijulikana Kenya nzima kama Moha Jicho Pevu kabla ya kuwa mbunge wa Nyali. Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu, alikuwa Mo kwa wenzake wa vyumba vya habari vya Ulaya. Wazazi wasiopenda jina la Mtume lifupishwe hivyo hufanya vizuri kulitia la pili na kutanguliza jingine, maana marafiki wa shule hawazuiliki.

Karatasi ndizo zinazoadhibu makosa madogo. Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohamud ni jina moja msikitini au majina ya karibu, ila kwa kompyuta ya uhamiaji ni watu wanne. Familia ichague tahajia moja, na iwe ile iliyomo katika kitambulisho cha baba, kwa sababu jina la baba litaandikwa katika cheti cha mtoto, katika usajili wa mitihani, na katika pasipoti. Sehemu ya pasipoti inayosomwa na mashine ina mistari ya nafasi 44, na jina limetengewa nafasi 39. Nafasi hizo za jina hukubali herufi A hadi Z tu: alama ya kudondosha herufi hufutwa na kistari hugeuzwa pengo. Kwa hiyo majina ya Abdul yaandikwe neno moja. Mwandishi wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021 ni Abdulrazak Gurnah, kwa neno moja, na hivyo hapana anayeweza kumwita Abdul kana kwamba hilo ni jina kamili, ilhali maana yake ni mja wa, na kauli imekatikia hapo.

Swali la ughaibuni ndilo linalowatia wazazi wa Loresho wasiwasi mkubwa, na wasiwasi huo una sababu. Mwaka 2010 watafiti Claire Adida, David Laitin na Marie-Anne Valfort walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Ufaransa. Waajiri walipelekewa maombi ya kazi ya wanawake wawili wa kubuni wenye asili ya Senegali, jina la ukoo likiwa moja, Diouf. Mmoja aliitwa Marie, mwingine Khadija. Marie aliitwa kwenye usaili mara mbili na nusu zaidi. Ukoo ulikuwa uleule na asili ileile, kwa hiyo kilichopimwa kilikuwa dini iliyosomwa katika jina. Ubaya huo ni wa mwajiri, na haistahili kumwekea mtoto mchanga mzigo wa kuutibu kwa kuitwa jina lisilo lake. Kwa upande mwingine, takwimu za serikali zilionyesha kwamba katika Uingereza na Wales, Muhammad ndilo jina lililoongoza kwa wavulana waliozaliwa mwaka 2023. Mtoto anayezaliwa leo ataomba kazi katika ulimwengu ambao mkubwa wake ofisini huenda naye anaitwa hivyo.

Wapo walioishi kati ya pande mbili wakaweka jina la kwao mahali pa pili, na mfano wa kale unatoka Zanzibar. Seyyida Salme, binti wa Sultani Said, alibatizwa Aden mwaka 1867 kwa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Dini aliibadilisha, ila watoto wake aliwapa alama ya kwao: Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza. Rudolph alipokuwa mtu mzima aliliunganisha la babu yake na la ukoo, akajiita Said-Ruete. Zaidi ya karne moja baadaye Iman, mwanamitindo Msomali aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipogunduliwa mwaka 1975, alimpa binti yake jina la Alexandria Zahra.

Nyumbani Kenya nako jina la Kiislamu limewahi kuwa kizuizi. Kwa miongo mingi Wasomali, Wanubi na Waislamu wengine waliokwenda kuchukua kitambulisho walipitishwa kwenye kamati za usaili ambazo wenzao hawakuzijua, na mara nyingi jina ndilo lililoanzisha maswali. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uhakika wa uraia. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuondolewa kwa usaili huo kwa jamii za mipakani. Kinachomlinda mtoto katika ofisi hizo ni cheti cha kuzaliwa kilichopatikana mapema, chenye majina yanayolingana herufi kwa herufi na ya wazazi wake, liwe Abdi au liwe Baraka.

Kwa mtoto asiye na baba anayetajwa, Mahakama Kuu mwaka 2016, katika hukumu ya Jaji Mumbi Ngugi, ilikitangua kifungu cha 12 cha sheria ya usajili kilichozuia jina la baba asiyefunga ndoa na mama lisiandikwe bila ridhaa yake. Jambo la nasaba kwa upande wa dini linabaki na hukumu zake, na familia ya Kiislamu iliyo katika hali hiyo hufanya vyema kuonana na kadhi kabla ya kwenda kwa msajili.

Familia iliyokwisha kukosea ina njia. Katika miaka miwili ya kwanza tangu kuandikishwa, mzazi huomba marekebisho kwa msajili wa vizazi na kulipa ada. Muda huo ukipita, kubadili jina hufanywa kwa hati rasmi inayoandaliwa na wakili, kusajiliwa, na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali, kisha shule, baraza la mitihani na idara ya uhamiaji hupelekewa nakala, kila moja kwa fomu yake.